Mjumbe Hauawi: Maneno juu ya Mabalozi Wema

Mazungumzo ya katekista kwa waumini na waalimu wa Madale, katika siku za jubilei



Nimeombwa niseme maneno machache katika siku hizi za furaha. Wengine wamekwisha kutueleza habari za zamani za kazi yetu, jinsi ilivyoanza na jinsi ilivyokua. Mimi sitayarudia hayo. Nimechagua jambo jingine, nalo limetoka katika darasa la watoto. Majuma machache yaliyopita kijana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, nimesikia redioni habari za mabalozi wema wa Umoja wa Mataifa. Ni wakimbiaji, waimbaji, na wachezaji wa sinema. Je, kazi yao ni nini hasa? Mbona hawana ofisi, wala bendera juu ya motokaa?" Kabla sijamjibu, mwenzake akasema, "Kazi yao ni kupigwa picha." Darasa zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani swali lile halikuniacha. Nikaona ya kuwa si swali la mtoto tu, bali ni letu sote, hasa wakati huu ambapo wazazi wa hapa tunabishana juu ya uji wa shuleni. Basi nisikilizeni kwa uvumilivu. Mwishoni mtaona jinsi mambo haya mawili yanavyoshikana.

Kwanza, balozi ni nani?

Neno hili si geni kwetu. Likitajwa mjini, watu humfikiri mtu mkubwa aliyetumwa na serikali ya nchi yake, akaaye katika nyumba yenye bendera. Likitajwa hapa Madale, watu humfikiri balozi wa nyumba kumi, yule jirani ajuaye ni nani aliyefiwa, ni nani mgeni, na ni nyumba ipi igombanayo usiku. Mabalozi hawa wawili hawafanani kwa mavazi wala kwa mshahara, lakini wanafanana kwa jambo moja: wote wawili hawasemi kwa ajili ya nafsi zao. Wametumwa. Ndiyo maana wazee walisema, Mjumbe hauawi. Ukimpiga mjumbe, umempiga asiye na neno, na ujumbe wenyewe ungali upo palepale.

Balozi mwema ni wa namna ya tatu. Hakutumwa na serikali, wala hana amri juu ya mtu yeyote, na kwa desturi hapewi mshahara kwa kazi hiyo. Yeye ni mtu ambaye jina lake limekwisha kujulikana kwa mbio, kwa nyimbo, au kwa michezo. Naye huliazimisha jina hilo kwa watu ambao majina yao hayajulikani. Maskini akilia, sauti yake haivuki ua wa nyumba yake. Mkimbizi akilia, sauti yake haivuki mpaka wa kambi. Bingwa akisema maneno yaleyale, watu huacha kazi zao wakasikiliza, na hata wakubwa hunyamaza. Hiyo ndiyo kazi yake: kuichukua sauti ndogo na kuifikisha mahali ambapo peke yake isingefika.

Jambo hili lilikuwako hata kabla halijapewa jina. Palikuwa na Mnorwe mmoja, Fridtjof Nansen, aliyepata sifa kubwa kwa kusafiri katika nchi za barafu. Mwaka 1888 aliivuka Greenland kwa ski. Angaliweza kukaa kwao akila matunda ya sifa zake. Lakini mwaka 1921 akakubali kuwa mkuu wa mambo ya wakimbizi katika Ushirika wa Mataifa, uliokuwapo kabla ya huu Umoja wa Mataifa wa sasa, na mwaka uleule akashughulika kutafuta chakula kwa ajili ya Warusi waliokuwa wakifa kwa njaa. Mwaka 1922 akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Baadaye ikawekwa nishani kwa jina lake, wapewe watu waliowatendea wema wakimbizi. Nishani hiyo si habari ya mbali, ndugu zangu; mwaka 1983 alipewa Mwalimu Julius Nyerere, kwa kuwa nchi hii ilifungua mlango kwa waliokimbia kwao.

Hata mwaka 1954, UNICEF, yaani shirika la Umoja wa Mataifa lishughulikalo na watoto, lililoundwa mwaka 1946, likamtuma Danny Kaye, mchekeshaji wa Marekani, awe balozi wake wa kwanza wa namna hii. Watu wengine wakastaajabu: mchekeshaji na watoto wagonjwa, wapi na wapi? Lakini yule aliyezoea kuchekesha watu wazima akajua namna ya kukaa na mtoto mgonjwa pasipo kumtia hofu, na watu waliokuja kumtazama yeye wakamwona mtoto.

Baada yake wakafuata wengi. Nitamtaja mmoja tu, mwanamke aitwaye Audrey Hepburn. Alipokuwa msichana aliishi Uholanzi wakati wa vita, na katika baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945 nchi ile ilishikwa na njaa kali. Vita vilipokwisha, chakula na dawa za msaada vikafika, naye akawa miongoni mwa waliovipokea. Miaka mingi ikapita, akawa mchezaji wa sinema mwenye sifa duniani pote. Mwaka 1988 akawa balozi mwema wa UNICEF, na safari yake ya kwanza ilikuwa ya kwenda Ethiopia, katika watu wenye njaa. Mwaka 1992 akaenda Somalia. Na mwezi wa Januari 1993 akafariki dunia. Huyu alipozungumza juu ya sahani tupu, alizungumza juu ya kitu alichokuwa amekwisha kukishika kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa na turudi karibu na nyumbani. Huko Kenya, katika nchi kavu ya Baringo, alizaliwa mwaka 1969 mtoto aitwaye Paul Tergat. Watu wengi wa kwao walikuwa maskini, na mvua haikutegemewa. Mtoto mwenye njaa, akitazama njia ndefu ya kwenda shule, hukaa. Au akienda, husinzia darasani. Ninyi waalimu mwalijua jambo hili kuliko mimi. Lakini shuleni kwake kikaanza kuletwa chakula cha Mpango wa Chakula Duniani, lile shirika la Umoja wa Mataifa lililoanzishwa mwaka 1961. Basi watoto wakapata sababu ya kwenda shule, na wakiisha kula, wakapata nguvu za kusikiliza. Tergat naye akala, akasoma, akakua.

Mengine mnayajua. Alishinda mbio za nyika za dunia mara tano mfululizo, tangu mwaka 1995 hata 1999. Katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1996 na ya mwaka 2000 akapata nishani ya fedha katika mbio za mita 10,000. Na ile mara ya pili Haile Gebrselassie wa Ethiopia alimtangulia kwa muda mdogo kuliko sehemu ya kumi ya sekunde moja. Tarehe 28 Septemba 2003, mjini Berlin, akakimbia marathoni kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55. Hapakuwa na mwanadamu aliyepata kukimbia upesi hivyo kabla yake.

Mwaka uliofuata, yaani 2004, Mpango wa Chakula Duniani ukamfanya balozi wake wa kupigana na njaa. Akaenda akisimulia habari yake mwenyewe: ya kuwa alipokuwa mtoto, chakula cha shuleni kilimsaidia kukaa darasani. Hakuna mtu aliyeweza kumbishia. Mtaalamu akisema ya kwamba chakula cha shule kina faida, watu humwuliza, Umejuaje? Tergat hana haja ya kuulizwa. Yeye mwenyewe ndiye jibu.

Tena tazameni mwisho wa jambo hili. Nchi ya Kenya haikukaa siku zote ikipokea tu. Mwaka 2009 serikali yao ikaanza mpango wake yenyewe wa kuwalisha watoto wa shule, na pole kwa pole shule zikatolewa katika mikono ya shirika na kutiwa katika mikono ya serikali, hata mwaka 2018 kazi hiyo ya kukabidhi ikaisha. Basi balozi wa kweli hatamani kazi yake idumu milele. Hutamani siku ambayo watu watajilisha wenyewe, naye asiwe na neno tena la kuomba.

Mwingine ni Tegla Loroupe, mwanamke wa Kipokoti, wa huko huko Kenya. Mwaka 1994 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York. Kwao palikuwa na ugomvi wa siku nyingi wa kunyang'anyana ng'ombe, na bunduki zilikuwa zimeingia mikononi mwa vijana. Mwaka 2003 akaanzisha chama cha amani chenye jina lake, akafanya mashindano ya mbio ambayo wapiganaji wa makabila yanayogombana walikimbia pamoja katika njia moja. Watu waliozoea kukimbizana kwa silaha wakakimbia bega kwa bega. Sisemi ya kuwa ugomvi wote ulikwisha. Lakini watu waliopata kula pamoja baada ya mbio ni vigumu kidogo kuuana kesho yake.

Na mwaka 2016, katika michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, huyu Tegla Loroupe alikuwa kiongozi wa timu ya wakimbizi, ya kwanza ya namna yake tangu Olimpiki ilipoanza. Walikuwa watu 10. Watano wao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliolelewa katika kambi ya Kakuma, kaskazini ya Kenya, nao walifanya mazoezi chini ya uangalizi wake. Mmoja wao aliitwa Yiech Pur Biel. Alikimbia mita 800, wala hakupita katika mchujo. Kwa hesabu ya nishani, alirudi mikono mitupu. Hata hivyo baadaye Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi likamfanya balozi wake mwema, na mwaka 2022 akaingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, akakaa pamoja na wakubwa wa michezo wa dunia. Kwa hiyo, vijana wangu, msifikiri ya kuwa ni washindi peke yao watumwao. Wakati mwingine hutumwa yule aliyefika mwisho, kwa sababu yeye ndiye ajuaye njia ilivyo ndefu.

Sasa nirudi kwa yule mtoto aliyesema, "Kazi yao ni kupigwa picha." Je, alikosa? Hakukosa kabisa. Ziko hatari katika kazi hii, na si vema kuzificha. Ya kwanza, balozi haleti chakula yeye mwenyewe. Tergat hakulima gunia hata moja kwa ajili ya watoto wale. Akiisha kusema, lazima pawe na watu wa kulima, wa kusafirisha, wa kupika, na wa kuhesabu. Watu wakipiga makofi wakaenda zao, ujumbe umeanguka njiani. Ya pili, balozi akiishi kinyume cha ujumbe wake, watu hawamcheki yeye tu, huucheka na ujumbe pia. Ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni hii: katika kumsemea mwenye njaa, twaweza kumvua nguo mbele ya watu.

Hili la tatu nalijua kwa sababu nalilitenda mimi. Miaka kadhaa iliyopita, katika kigango nilichokuwa nikitumika, tulipata magunia ya unga na maharagwe kwa ajili ya nyumba zenye shida. Nikafurahi sana. Baada ya sala ya Jumapili nikasimama mbele ya watu wote nikayasoma majina ya nyumba zile, moja baada ya moja, nikawaita waje mbele, nikawapanga mstari mbele ya magunia, wakapigwa picha ili wafadhili wapate kuona. Nikafikiri nimefanya kazi njema. Miongoni mwao alikuwapo msichana mmoja wa darasa langu pamoja na bibi yake. Jumapili iliyofuata msichana hakuja, wala ile ya pili, wala ya tatu. Nikaenda kwao. Bibi akanikaribisha kiti, akanyamaza kitambo, kisha akaniambia, "Mwalimu, unga tumekwisha kuula. Aibu bado ipo."

Sikuwa na neno la kumjibu. Niliomba radhi, nayo nikapewa, maana wazee wetu ni wapole. Lakini msichana yule hakurudi tena darasani kwangu. Tangu siku ile nimejifunza jambo moja kuhusu mabalozi. Tergat anapokwenda kusema, humtaja mtoto mmoja tu mwenye njaa, naye ni yeye mwenyewe. Jina linalotangazwa ni la mwenye nguvu. Jina la mwenye shida hufunikwa. Mimi nalitenda kinyume: nilifunika la kwangu, nikatangaza la yule msichana. Yule Msamaria tunayemsoma katika Injili hakuliacha jina lake kwa mwenye nyumba ya wageni, na jina la yule aliyejeruhiwa halikuandikwa popote. Kilichoandikwa ni mafuta, divai, punda, na dinari mbili.

Basi nimefika katika uji.

Mnajua ya kuwa mwaka 2016 serikali iliondoa ada katika shule za msingi na sekondari za umma hata kidato cha nne. Hilo ni jema kubwa. Lakini chakula cha mchana na uji wa asubuhi vimebaki juu yetu wazazi, nasi tumegawanyika. Katika mkutano uliopita mzee mmoja alisema, "Mimi nalisoma pasipo uji, na mbona nipo?" Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini tuwakumbuke na wale waliosoma pamoja nawe wakaacha shule. Hao hawakuja mkutanoni kutueleza. Tena wengi wa rika lako wanakumbuka ule unga wa njano uliotoka ng'ambo wakati wa uhaba, ambao watu waliuita unga wa Yanga. Hatukuupenda rangi yake, lakini ulipikwa ukaliwa. Watu tusiowajua walitufikiria, nasi hatukuwauliza majina yao.

Mama mmoja naye akasema, "Anayechanga mtoto wake anywe, asiyechanga mtoto wake asinywe. Ndiyo haki." Ndiyo hesabu, mama yangu, nami najua unavyochuma fedha yako kwa taabu. Lakini fikirini jinsi hesabu hiyo inavyotendeka saa nne asubuhi. Watoto wanapanga mstari na vikombe vyao. Wengine wanatolewa katika mstari, wanasimama kando wakiwatazama wenzao wakinywa. Tumemfanya mtoto wa miaka minane awe tangazo la umaskini wa baba yake. Ni yale yale niliyoyatenda mimi kwa msichana yule, ila sisi tutayatenda kila siku ya shule.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, nayo ni madogo. La kwanza, uji ukipikwa, wanywe watoto wote, pasipo orodha kusomwa mbele yao. La pili, asiyeweza kuchanga fedha aende kwa watu wawili tu, mwalimu mmoja na mzazi mmoja tutakaowachagua. Hao wayajue, na neno lisipite hapo. Naye asiachwe kuwa mpokeaji tu: yuko awezaye kuleta kuni, yuko awezaye kuchota maji, yuko awezaye kusimama jikoni akakoroga. La tatu, mwenye nafasi kuliko wenzake aongeze kidogo juu ya sehemu yake, wala asitangazwe. Mimi nitaanza, na kiasi changu kitajulikana kwa hao wawili tu.

Labda mtasema, Mambo haya ya kikombe cha uji yanapatana wapi na Umoja wa Mataifa? Yanapatana, ndugu zangu. Fikira zile kubwa zinazosemwa katika mabaraza ya mataifa, ya kwamba mtu ni mtu hata akiwa mgeni, ya kwamba mtoto asiadhibiwe kwa umaskini wa wazazi wake, ya kwamba aliyekimbia vita apokewe, zote hatimaye huja kupimwa mlangoni pa mtu. Huko juu ziliandikwa. Hapa chini ndipo zinapoaminiwa au kukataliwa. Mwezi wa Aprili 1994 watu wapata laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wakitoka Rwanda. Kabla magari ya mashirika hayajafika, ni nani waliokuwako? Walikuwako wenyeji wa Ngara, wenye migomba yao na visima vyao. Wao hawakuitwa mabalozi. Lakini wakimbizi wale, walipouliza kama dunia ina huruma, waliwatazama wenyeji wale ili wapate jibu.

Nimekwisha kumjibu kijana wangu. Nimemwambia hivi: Balozi mwema ni mtu aliyepewa kikombe alipokuwa na kiu, naye hakusahau, akiisha kupata jina, akalitumia kumtafutia mwingine kikombe. Akaniuliza, "Basi, Mwalimu, mtu asiye na jina je?" Nikamwambia, "Huyo achote maji."

Wazee walisema, Mjumbe hauawi, nao walisema kweli. Lakini ujumbe waweza kufa, nao hufa katika masikio ya waliosikia wakaenda zao. Tusiuache huu ufe hapa Madale. Mkutano wa wazazi ni Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, chini ya mwembe wa shule. Njooni.

 Mungu awabariki, na jubilei yetu iwe njema.